Amani, Entebbe, Nairobi au Dar: bustani ipi ya mimea ikufae?

Ukiwa na saa moja na nusu kati ya kikao na kikao mjini Dar es Salaam, habari za bustani ya Amani, kule milimani Usambara, hazikusaidii kitu. Na ukiwa na siku tatu na hamu ya kuliona ua la Usambara limeshika jabali lenye ukungu, bustani ya Dar, ile ya Barabara ya Samora, itakuudhi. Wengi wanaokwama kati ya bustani za mimea za Afrika Mashariki hukwama kwa kuzilinganisha kwa sifa, kama watu wanavyolinganisha hoteli: ipi nzuri, ipi imechakaa, ipi ina picha za kupendeza. Kwa kipimo hicho utachagua vibaya, maana bustani hizi hazikupandwa ili zipendeze. Zote nne zinazozungumziwa hapa zilianza kama mashamba ya majaribio ya serikali za kikoloni, na kila moja ilipandwa kujibu swali lake. Swali hilo ndilo unalolikuta hadi leo ukipita chini ya miti yake.

Zenyewe ni Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, Arboretum (yaani bustani ya miti) ya Nairobi, Bustani ya Mimea ya Entebbe, na Bustani ya Mimea ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. (Msomaji wa Kigali au Bujumbura ana Ruhande huko Huye, shamba la miti la hekta kama 200 lililoanza miaka ya 1930. Lina uzito wake, ila mikaratusi imetawala mno mpaka mgeni wa mara ya kwanza huchoka haraka.)

Tumezipima kwa mambo matano: kilichopandwa, safari ya kufika, msimu na saa ya kwenda, malipo na masharti, na kazi ambayo miguu itafanya. Kila jambo linapitishwa kwenye bustani zote nne, ingawa kuna mahali Amani itachukua nafasi kubwa kuliko wenzake. Ndiyo ngumu kuliko zote kuifikia, na anayeikosea hupoteza siku nzima.

Kilichopandwa, na aliyepanda alitaka nini

Dar es Salaam ilianza mwaka 1893, chini ya Mjerumani Franz Stuhlmann, kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara yanayoweza kustahimili joto la pwani. Mji umeimega tangu hapo, na kilichobaki ni kipande kidogo jirani na Makumbusho ya Taifa: michikichi na jamaa zake, sikadi (mimea ya kale inayofanana na mitende mifupi), mijakaranda, mikrismasi inayowaka nyekundu mwisho wa mwaka. Kitu kimoja kinaipa hadhi ambayo bustani kubwa hazina, nacho ni mnazi wa Shelisheli, ule wa nazi pacha. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu yoyote duniani, tunda lake huchukua miaka sita au saba kukomaa, na kwa asili mti huu unaota visiwani Praslin na Curieuse tu. Kuna mti dume na mti jike, kwa hiyo usishangae ukiukuta hauna nazi.

Nairobi ni ya 1907, na swali lake lilikuwa kuni. Garimoshi za reli ya Uganda zilichoma magogo, misitu ya asili kuzunguka mji ilikuwa inakwisha, na idara ya misitu ikatafuta mti wa kigeni utakaokua upesi. Ndiyo maana mikaratusi na misonobari ya kila namna imesimama pale mpaka leo, mirefu ya kukufanya uinue shingo. Eneo lina hekta kama 30 na zaidi ya spishi 350 za miti, za kigeni na za Kenya yenyewe. Kwa anayetaka kujua miti ya nyumbani kabla ya kupanda shambani, kwa mfano kutofautisha mukinduri na miti mingine ya nyanda za juu, hapa pana faida kubwa: miti imepandwa kwa nafasi, unaweza kuuzunguka shina na kuuona umbo lote, jambo lisilowezekana msituni.

Entebbe ilianza 1898, hekta kama 40 zinazoteremka hadi Ziwa Viktoria. Waingereza walitaka kujua ni zao lipi litakalolipa kando ya ziwa, wakajaribu mpira, kakao, kahawa na mengine mengi. Lakini waliacha pia kipande cha msitu wa asili ndani ya bustani, wenye mitambaazi minene kama mkono, na hicho ndicho kinachoitofautisha. Unatoka kwenye nyasi zilizofyekwa, unapiga hatua ishirini, umeingia gizani. Mbega weusi kwa weupe wako juu ya miti, hondohondo wanapiga kelele, na shorobo mkubwa wa buluu huonekana bila kutafutwa sana.

Amani ni habari nyingine. Taasisi ya Kijerumani ya biolojia na kilimo ilifunguliwa 1902, na shamba lake la miti la hekta kama 300 lilitandazwa kutoka Sigi, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, hadi Amani yenyewe iliyo juu ya mita 900. Walitaka kujaribu kila kitu: mimea ya joto huku chini, ya baridi kule juu. Mikwinini, midalasini, miti ya mpira, mikarafuu maiti, mbao za Asia na Amerika. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na meli za Waingereza zikafunga bahari, taasisi ilitengeneza kwinini ya askari wa Kijerumani kutokana na magome yaliyopandwa koloni. Chini ya Waingereza ikawa kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki, na hapo ndipo ugonjwa wa batobato wa muhogo ulipochunguzwa kwa kina miaka ya 1930. Mkusanyo wake wa mimea iliyokaushwa ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndio uliozaa hebaria iliyopo leo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, si mbali na hiyo Arboretum.

Shamba hilo limezungukwa na hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa 1997, na hapo ndipo utamu ulipo. Ua la Usambara, lile ambalo Wazungu huliweka kwenye kopo dirishani, lilipelekwa Ulaya na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893. Siku hizi wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Ukilitafuta kama ua la bustanini hutaliona: ni majani ya manyoya yaliyolala kwenye ufa wa jiwe lenye kivuli, karibu na maji, na ua la zambarau lisilozidi upana wa kidole gumba viwili.

Kuna mti mmoja unaofaa kutazamwa Entebbe kisha Amani, kama una bahati ya kufika kote. Ni msizi (Maesopsis eminii). Uganda uko kwao, unaishi kwa adabu kati ya wenzake. Amani uliletwa kwa mbao, hondohondo wakapenda matunda yake, wakatawanya mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili, na leo ni mvamizi anayeshika kila pengo linaloachwa na mti ulioanguka. Mti ni uleule. Muulize mwongoza wageni wa Amani akuonyeshe msizi, kisha umuulize ni mti gani ungekuwa mahali pale kama usingeletwa. Jibu lake litakuambia kama umempata mjuzi au mtu wa kukusindikiza tu.

Kufika, na muda unaoliwa na njia

Dar haina maelezo mengi. Ukishafika Posta, katikati ya mji, unatembea. Nusu saa hadi saa moja inatosha, na ukiunganisha na Makumbusho ya Taifa umepata asubuhi kamili.

Nairobi nayo ni ya mjini: kilomita kama tatu kutoka katikati ya jiji, kwa matatu za upande wa Kileleshwa au kwa miguu kupitia Barabara ya State House. Mzunguko wa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili. Anayesoma miti kwa makini hatamaliza kwa siku moja, lakini anaweza kurudi kesho kwa gharama ya nauli.

Entebbe ina sifa ambayo nyingine hazina: iko dakika kumi hadi kumi na tano kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa kimataifa. Mwenye saa tano au sita za kungoja ndege ya kuunganisha anaweza kwenda na kurudi, mradi hati zake zinamruhusu kutoka uwanjani. Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Panda kile Waganda wanachokiita teksi, ambacho kwa Mtanzania ni daladala na kwa Mkenya ni matatu, shuka Entebbe mjini, malizia kwa boda. Hesabu saa moja hadi mbili, kwa sababu foleni ya kutoka Kampala haina huruma. Ndani ya bustani, saa mbili hadi tatu.

Sasa Amani. Kutoka Dar hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Chalinze na Segera, basi lolote la Tanga linakupitisha. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita kama 35 tu, na ndizo zinazowashinda watu. Usafiri wa umma wa mlimani haukupangwa kwa ajili ya mtalii, umepangwa kwa ajili ya mkulima wa iliki na mwenye duka: hushuka Muheza alfajiri, hupanda alasiri. Kwa hiyo anayefika Muheza saa kumi na moja jioni hulala Muheza, na anayetaka kurudi Dar siku hiyohiyo mchana hana basi la kumshusha. Ukitegemea usafiri wa umma, weka usiku mbili mlimani ili upate siku moja kamili ya kutembea. Mpango wenyewe unakwenda hivi: ondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, fika Muheza mchana, ununue chakula na utoe fedha taslimu, panda na gari la alasiri, siku ya pili tembea, siku ya tatu amka kabla ya jogoo.

Boda kutoka Muheza inawezekana, ila usiichukue mvua ikinyesha. Lango na kituo cha wageni viko Sigi, chini ya mwinuko, mahali ambapo reli ndogo ya Wajerumani ya kubebea mbao iliishia. Kutoka hapo barabara inapinda kwa kona kali, na udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Mwenye gari dogo apige simu kwanza kuulizia hali ya njia. Mwenye gari la magurudumu manne asijivune, anayekwama huwa ni yeye aliyedharau kona ya mwisho.

Msimu na saa

Masika, Machi hadi Mei, ni mbaya kwa Amani na si nzuri kwa Entebbe. Amani hunyeshewa milimita zipatazo 1,900 kwa mwaka, na hata miezi ya ukavu ukungu hushuka mchana. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuaminika, ila Julai usiku unataka sweta. Anayetaka maua na vyura anaweza kwenda mwisho wa vuli akijua wazi kwamba atalowa.

Entebbe mvua hazina miezi ya kukoma kabisa. Radi za ziwani hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri, kisha jua hutoka, kwa hiyo usivunjike moyo ukiamka kumeharibika: nenda saa tatu. Nairobi ni tulivu mwaka mzima. Juni hadi Agosti ni mawingu na baridi, Oktoba na Novemba mijakaranda hutandika zulia la zambarau. Dar, kati ya Desemba na Machi, nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, la sivyo utahesabu dakika badala ya miti.

Mpenda ndege afike mlangoni mapema kadiri anavyoruhusiwa, popote alipo. Amani kuna chozi wa Amani, ambaye ni adimu kweli, na shoro wa mdomo mrefu anayebeba jina la Moreau, mtafiti aliyeishi pale. Wote wawili ni wadogo na si rahisi kuwaona, kwa hiyo darubini ya macho mawili ni lazima na mwongoza wageni anayejua sauti ni lazima zaidi. Entebbe ndege ni wakubwa na wazi. Anayeanza kujifunza ndege ataondoka na orodha ndefu bila kuumia shingo.

Malipo na masharti

Viingilio hubadilika, mara nyingi mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo bei unayoambiwa na mtu aliyekwenda mwaka juzi isikufunge. Lisilobadilika ni ngazi: mwananchi hulipa kidogo, mkaazi zaidi kidogo, mgeni wa nje mara kadhaa. Beba kitambulisho. Usipokuwa nacho unaweza kuhesabiwa mgeni, na mlinzi wa lango hana makosa.

Nairobi kiingilio cha mwenyeji ni kidogo kuliko chakula cha mchana, na malipo ya serikali Kenya yanapita eCitizen kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji kabla ya kufika mlangoni. Amani kuna kiingilio, ada ya mwongoza wageni na ada ya kulala, kila moja kivyake. Huko Tanzania malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu unayolipa kwa simu au benki, na mtandao mlimani hupotea. Lipa ukiwa Sigi au Muheza. Fedha taslimu za chakula, boda na zawadi zitoke Muheza, juu hakuna benki. Entebbe, gari hulipiwa tofauti na mtu. Bei ya mwongoza wageni mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza, mkitaja kama ni kwa saa au kwa kundi.

Kuingia Uganda, Mkenya na Mnyarwanda wanaruhusiwa kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike.

Masharti mawili huwakamata wageni wasiojua. La kwanza ni plastiki: tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake, misitu ikiwemo, hivyo chupa ya maji ya dukani na sahani za plastiki ziache nyumbani, beba chupa ya kujaza. Mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. La pili ni kamera. Bustani tatu kati ya hizi nne ziko jirani na Ikulu: magavana walipenda kupunga upepo karibu na miti yao. Usielekeze kamera upande huo, na droni isitoke hata kwenye begi. Picha za harusi na za biashara zinalipiwa kando; ulizia ofisini kabla ya kuleta bibi harusi na shela lake.

Miguu, watoto na wazee

Dar ni tambarare na fupi. Mzee wa fimbo anaimudu. Nairobi ina njia kuu iliyotengenezwa vizuri, lakini vichochoro vya kushukia mtoni vinateleza. Tumbili wake ni wezi waliobobea: hawachukui chakula mkononi tu, wanafungua zipu. Usiwalishe, na mtoto asibebe ndizi wazi.

Entebbe ndiyo rahisi zaidi kwa familia yenye vizazi vitatu. Gari linaingia ndani, bibi anakaa kivulini, watoto wanakimbia kwenye nyasi. Jambo moja tu: watoto wasiingie ziwani hata kifundo cha mguu. Konokono wa kichocho wako kwenye maji ya pembeni yenye majani, na vijidudu vya kichocho wanavyovitoa majini hupenya ngozi bila kuuma. Mwisho wa wiki kuna sherehe na muziki mkubwa; anayetaka kusikia ndege aende siku ya kazi.

Amani inataka viatu vyenye meno, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, koti la mvua, tochi, na lita mbili za maji kwa mtu. Njia ya miguu kutoka Sigi kupanda hadi Amani ni karibu nusu kilomita ya kimo. Mtu mzima mwenye afya ataimaliza asubuhi, mtoto wa miaka sita utambeba. Kwa wenye watoto au magoti mabovu, panda kwa gari, tembea kwenye shamba la miti la juu ambako njia ni pana, na ukiache kilima cha Mbomole kwa wengine. Chakula agiza siku moja kabla. Mpishi hawezi kukupikia kuku asiyekuwapo.

Na ukilala, usikose matembezi ya usiku. Kinyonga mchana ni fumbo, usiku hupauka na kung'aa kwenye mwanga wa tochi kama karatasi iliyotundikwa tawini. Yule wa pembe tatu wa Usambara hupatikana hivyo, na mchana ungepita mbele yake mara kumi.

Mti usio na kibao

Lalamiko la kawaida kwa bustani zote nne ni vibao: vimeng'oka, vimefutika, au mti umekua ukakimeza. Nairobi ina hali nafuu, Amani ndiyo yenye vibao vichache kwa miti mingi. Usitegemee vibao. Jifunze kusoma majani mawili matatu kabla hujaenda.

Mfano mzuri ni mdalasini na mkarafuu maiti, ndugu wanaowachanganya hata wanafunzi wa misitu. Yote miwili ina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo cha jani. Okota jani lililoanguka, usichume. Kwa mdalasini majani hukaa tawini yakitazamana, na machipukizi ni mekundu kama shaba. Ukilifikicha jani hupati harufu ya mdalasini ya chai, unapata ya karafuu, kwa kuwa mafuta ya jani yana eugenoli kama ya karafuu. Harufu unayoijua iko kwenye gome. Mkarafuu maiti majani yake hupishana, na ukiligeuza utaona vinundu vidogo kwenye kona ambako mishipa inagawanyika. Lifikiche: harufu inayotoka ni ya sanda. Kwa hiyo jani moja linanuka karafuu, la pili karafuu maiti, na mdalasini haujulikani uko wapi.

Kuonja ni suala jingine. Mti wowote unaotoa utomvu mweupe usitie mdomoni wala usijifute macho baada ya kuushika. Mingi ya namna hiyo ni sumu, na mjini au mlimani hospitali itakuuliza jina la mti ambalo hulijui.

Kwa hali yako

Mwenye saa moja au mbili tu hana wa kumchagulia: nenda iliyo mjini kwako. Dar upite kwa mnazi wa Shelisheli kisha Makumbusho, Nairobi uzunguke njia kuu asubuhi kabla ya vikundi vya maombi na vya mazoezi kujaa.

Mwanafunzi wa misitu au mkulima anayetaka kuchagua mti wa kupanda atafaidi zaidi Nairobi, na ikiwezekana arudi mara mbili, msimu wa maua na msimu wa matunda. Anayesoma historia ya mazao, magonjwa ya mimea au mimea vamizi, Amani haina mpinzani, lakini aandike kwa hifadhi mapema kama anataka kuchukua sampuli. Kuokota mbegu bila kibali ni kosa hata kama zimejaa njiani.

Familia yenye watoto na wazee: Entebbe, siku ya kazi, saa tatu hadi saa sita, kisha chakula mjini. Ukiwa Tanzania na huwezi kuvuka mpaka, Amani ya juu kwa gari inawezekana, mradi mlale.

Abiria anayengoja ndege Entebbe: uwe na saa tano kamili kati ya kutua na kuruka, begi kubwa libaki uwanjani, na dereva wa kwenda awe ndiye wa kurudi.

Mpenda ndege anayeanza: Entebbe. Aliyekomaa na anayetafuta wasiopatikana kwingine: Amani, usiku tatu badala ya mbili, maana ukungu utakula asubuhi moja.

Na anayesafiri peke yake kwa basi kwenda Amani, aanze safari Jumatatu au Jumanne. Ijumaa gari la alasiri kutoka Muheza hujaa watu wanaorudi nyumbani na mizigo ya wiki nzima, na mgeni aliyechelewa hupewa nafasi juu ya magunia.